Simu inakula chaji baada ya sasisho: pima kwanza kabla hujanunua betri

FundiMwembeTayari (mleta uzi)

Salaam wana Pwani.

Kila simu zikipata sasisho kubwa, watu humiminika mezani kwangu hapa Mwembe Tayari, Mombasa, na maneno yaleyale: "Fundi, wiki iliyopita simu ilikuwa ikifika usiku, sasa adhuhuri imeshazima. Nitilie betri mpya." Kubadilisha betri ni riziki yangu. Hata hivyo wengi nawarudisha bila kuwafungulia simu, kwa sababu betri haichakai usiku mmoja. Nimefungua uzi huu ili mtu apime mwenyewe nyumbani kabla hajatoa pesa.

Sasisho likishaingia na simu ikawaka, kazi bado haijaisha. Kwenye Android, programu zako huandaliwa upya ziendane na mfumo mpya. iPhone hupitia tena kila kilichomo ndani ili ukitafute kitu ukipate, na huchambua picha upya. Halafu programu zenyewe zinaanza kujisasisha moja baada ya nyingine. Apple wameandika waziwazi kwamba baada ya sasisho chaji na joto vinaweza kuathirika kwa muda hadi kazi hizo ziishe. Siku mbili tatu za mwanzo, basi, si siku za kuhukumu.

Watu wetu wengi hapa ndipo wanapoumia. Sehemu kubwa ya kazi hizo simu huzifanya ikiwa imetulia, kioo kimezimwa, iko kwenye chaja, na baadhi yake husubiri waifai. Sasa chukua mtu anayechaji vipande vipande, dakika chache dukani, kidogo kwa jirani kwa kuwa tokeni zimekwisha kwake, na waifai hana, ni bando tu. Simu yake haipati nafasi ya kumaliza. Inaanza, inakatwa, inaanza tena kesho. Kazi ya usiku mmoja inaburutwa wiki nzima, na wiki nzima mwenye simu anadhani betri imekufa.

Kwa hivyo dawa ya kwanza haina gharama. Ilaze simu kwenye chaja usiku kucha, siku kadhaa mfululizo, mahali penye hewa, si chini ya mto wala juu ya godoro. Waifai ukiweza kuazima hata usiku mmoja, azima. Sasisha programu zote. Zima simu uiwashe upya mara moja.

Wiki ikipita na hali ni ileile, fanya kipimo cha usiku. Chomoa chaja unapolala, andika asilimia iliyopo, iache simu kama kawaida yako. Asubuhi andika tena kabla hujaigusa. Usiku wa pili fanya vilevile, lakini weka hali ya ndegeni. Usiku wa tatu iwashe katika hali salama, ile inayozima programu zote ulizopakua mwenyewe na kuacha zilizokuja na simu. Kwenye simu nyingi za Android unabonyeza kitufe cha kuzima, kisha unashikilia neno "Zima" kwenye kioo mpaka iulize. iPhone haina hali salama ya namna hiyo, kwa hivyo mwenye iPhone atategemea usiku mbili za kwanza na ukurasa wa betri.

Simu iliyolala bila kuguswa inapaswa kupoteza asilimia chache tu hadi asubuhi. Ikiwa kawaida inapoteza sana na katika hali ya ndegeni inatulia, mla chaji yuko upande wa mtandao, au ni programu inayozungumza na mtandao usiku kucha. Ikitulia katika hali salama, ni programu uliyopakua. Na ikiwa inashuka vibaya katika hali zote tatu, hapo njoo tuzungumze habari ya betri.

Leteni majibu yenu hapa, pamoja na aina ya simu na umri wake.

---

BintiMjiWaKale

Shukran kaka. Simu yangu ni ya Android, ina miaka miwili, laini mbili. Nimefanya usiku mbili. Kawaida: 88 hadi 61. Hali ya ndegeni: 90 hadi 88. Kabla ya apdeti sikuwa naona hivi kabisa. Nakaa ndani kabisa ya Mji wa Kale, nyumba ya zamani, chumba cha chini.

---

FundiMwembeTayari

Dada, betri yako ni nzima, usimpe mtu yeyote pesa. Asilimia 2 usiku kucha ni betri inayofanya kazi yake.

Nyumba uliyotaja inanieleza mengi. Nyumba za zamani za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, vichochoro vyembamba. Mawimbi ya simu hufika ndani yamechoka. Simu ikisikia mnara kwa taabu huongeza nguvu ya kutuma, na ikiupoteza huanza kutafuta upya. Kutafuta huko ndiko kunakokula chaji hata kioo kikiwa kimezimwa. Wewe una laini mbili, kwa hivyo huenda zote mbili zinatafuta.

Kwa nini sasa na si zamani? Sasisho kubwa mara nyingi huja na programu mpya ya kuendesha kifaa cha mtandao kilicho ndani ya simu, na wakati mwingine hurudisha mipangilio ya mtandao ilivyotoka kiwandani. Fungua mipangilio ya mtandao wa simu, tazama aina ya mtandao inayopendelewa. Ikiwa ni 5G, na ndani ya nyumba hiyo 5G haikai, irudishe kwenye 4G. Laini ambayo haishiki hapo nyumbani izime usiku. Kuizima kwenye mipangilio kunatosha, huna haja ya kuichomoa. Ukiwa na waifai, washa kupiga simu kwa waifai kama laini yako inaruhusu.

Kisha rudia kipimo cha usiku wa kawaida utuambie.

---

TuktukBamburi

Fundi mimi sina usiku wa kupima, simu yangu inakufa mchana. Natumia programu ya abiria na ramani toka asubuhi, simu iko mbele kwenye kishikio, chaja iko kwenye tuktuk. Zamani ilikuwa inapanda chaji nikiwa njiani. Toka apdeti inachajiwa na bado inashuka! Nashika kwa mkono inaunguza.

---

FundiMwembeTayari

Ndugu yangu, yako ni kesi ya joto kwanza, sasisho baadaye.

Betri ya lithiamu haipendi joto, na mfumo wa simu unalijua hilo. Simu ikipata moto hupunguza kasi ya kuchaji, na ikizidi husimamisha kabisa. Apple wanasema iPhone itumike mahali ambapo joto la hewa ni kati ya nyuzi 0 na 35. Hapa kwetu kaskazi ikivuma, Februari na Machi, hewa ya kivulini tu inafika 32 au 33. Simu nyeusi nyuma ya kioo cha tuktuk juani imepita hapo kitambo, na bado inaendesha ramani, inatuma mahali ulipo bila kupumzika, kioo kiko kwenye mwanga wa mwisho ili uone juani, na chaja inaongeza joto lake. Zamani vyote hivyo vilikuwa vimelingana kwa shida. Sasisho limeongeza kazi kidogo, mizani ikaanguka.

Fanya haya. Hamisha kishikio kiwe upande wenye kivuli, mahali upepo wa njia unapita. Vua kava ukiwa kazini, hasa kava nene la mpira. Pakua ramani ya Mombasa yote, kuanzia Likoni hadi Mtwapa, ukiwa kwenye waifai, ili simu isiivute njiani kila safari. Tazama mipangilio ya kioo: baadhi ya simu zina kioo kinachochora picha upya mara 90 au 120 kwa sekunde, na sasisho linaweza kukiwasha tena hata kama ulikizima. Weka 60. Ramani haihitaji zaidi.

Na kagua chaja yenyewe. Nyingi za zile zinazochomekwa kwenye chombo hutoa umeme mdogo usiotosha kuendesha ramani na kujaza betri kwa wakati mmoja. Kebo iliyokunjikakunjika nayo ni mwizi. Jaribu chaja nyingine ya kuaminika kwa zamu moja, uone tofauti.

Usiiweke kwenye friji wala kuimwagia maji kuipoza, nawaona watu wanafanya. Ndani kunatota kwa unyevu wa hewa unaogeuka matone ya maji, na hapo utakuwa umenunua tatizo jipya.

---

Kijana_Ganjoni

Wakuu dawa rahisi ni kupakua programu ya kusafisha simu, inafunga kila kitu kinachofanya kazi nyuma. Mimi nafunga programu zote kila nusu saa, simu iko sawa.

---

FundiMwembeTayari

Kijana, nakuheshimu lakini hapa nakupinga moja kwa moja, maana wengi watakufuata.

Kufunga programu zote kila mara hakuokoi chaji. Programu uliyoifunga kwa nguvu, ukiihitaji tena inaanza tangu sifuri, na kuanza huko kunagharimu zaidi ya kuiacha imelala. Nyingine hujiwasha zenyewe mara tu baada ya kufungwa, kisha ile programu ya kusafisha inazifunga tena, ikawa mchezo wa kutwa. Mwaka 2016 Craig Federighi wa Apple aliulizwa kama kufunga programu kunasaidia betri, akasema hapana. Hiroshi Lockheimer, aliyekuwa akisimamia Android kule Google, akasema hali ni hiyohiyo upande wao.

Android yenyewe ina ulinzi wake. Tangu toleo la 6, mwaka 2015, simu ikiachwa imetulia huzilaza programu na kuziruhusu kuamka kwa vipindi. Toleo la 9, mwaka 2018, likaongeza betri inayojirekebisha: inajifunza programu gani unazitumia kila siku na zipi umezisahau, na zile zilizosahauliwa huzibana. Programu za kusafisha zinavuruga mafunzo hayo, na nyingi zimejaa matangazo ambayo nayo yanavuta data na kuwasha kioo. Nikipokea simu inayokula chaji, kitu cha kwanza ninachotazama ni kama ina programu ya namna hiyo.

Anayetaka kubana programu aende kwenye mipangilio, betri, matumizi ya betri, atazame nani yuko juu ya orodha. Ukiona programu imekula sana na wewe hukuifungua siku nzima, huyo ndiye wa kubanwa. Mjumbe wako wa kila siku kama WhatsApp usimbane, utaanza kulalamika kwamba ujumbe unachelewa.

---

MuuminiMajengo

Kaka umenifungua macho. Juu ya orodha yangu iko programu ya nyakati za swala! Mimi sitaki kuiondoa. Kuna njia?

---

FundiMwembeTayari

Ipo, na adhana utaisikia kama kawaida. Programu hizo nyingi zimewekwa zitafute mahali ulipo muda wote, ili ukisafiri zibadilishe nyakati. Baada ya sasisho, ruhusa ya mahali inaweza kubadilika tabia na kuna programu za zamani hazijakaa sawa na mfumo mpya, zinauliza setilaiti tena na tena. Ingia ndani ya programu, chagua Mombasa kwa mkono. Kisha kwenye ruhusa za simu weka mahali "wakati wa kutumia programu pekee". Ruhusa ya kengele na arifa usiiguse, hiyo ndiyo inayoita adhana. Ukisafiri, badilisha mji mwenyewe.

Ushauri huohuo unafaa programu za hali ya hewa, za kuagiza chakula na za kununua vitu. Hakuna sababu duka lijue uko wapi saa tisa usiku.

---

MtuWaTudor

Mnazunguka tu. Kampuni zinafanya makusudi. Simu ikishakuwa ya zamani wanakuletea apdeti ya kuiua ili ununue mpya. Kila mtu anajua. Mimi nimekata shauri sisasishi tena simu maishani.

---

FundiMwembeTayari

Bwana, sitakuambia umezua, kwa sababu yapo yaliyotokea kweli na watu wana haki ya kuyajua.

Desemba 2017 Apple walikiri kwamba masasisho yao yalikuwa yanapunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochakaa. Walieleza kwamba betri kuukuu haiwezi kutoa umeme mwingi kwa ghafla, simu zikawa zinazima zenyewe, nao wakapunguza kasi kuzuia hilo. Kosa kubwa lilikuwa kutowaambia wenye simu. Wakashusha bei ya kubadilisha betri hadi dola 29 kwa mwaka 2018, na toleo la iOS 11.3 likaleta ukurasa wa afya ya betri. Mwaka huohuo wa 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliwatoza Apple faini ya euro milioni 10 na Samsung milioni 5 kwa masasisho yaliyodhoofisha simu. Huko Marekani, mwaka 2020, Apple walikubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi.

Yapo ya karibuni pia. Januari 2025 Google walituma sasisho kwa Pixel 4a ambalo kwa baadhi ya simu lilipunguza kiasi cha chaji inachoweza kubeba, wakatoa nafasi ya kubadilishiwa betri bure au kulipwa. Julai 2025 ikafuata Pixel 6a: betri ikishafika mizunguko 400 ya kuchaji (mzunguko mmoja ni chaji ya asilimia 100 kwa jumla), uwezo wake unapunguzwa ili isipate moto kupita kiasi. Na mwaka 2016 Samsung walituma sasisho la kuzuia Galaxy Note 7 isijae zaidi ya asilimia 60, kwa kuwa zile zilikuwa zinalipuka.

Kwa hivyo mwenye simu kati ya hizo ana haki ya kuiuliza kampuni. Lakini tazama kilicho chini ya mengi ya hayo. Ni betri yenyewe: imechakaa, au ina kasoro, au ina hatari. Sasisho lilikuja kuikwepa shida ya betri. Ukipima usiku unajua uko upande gani, na hapo unakuwa na hoja mkononi, hata ukienda kwa muuzaji unasema namba.

La kukataa kusasisha maishani, hapo siko nawe kabisa. Simu zetu ni pochi. M-Pesa iko humo, benki iko humo, picha za watoto ziko humo. Masasisho ya usalama ndiyo yanayoziba matundu ambayo wezi wa mitandaoni wanayajua tayari. Ukitaka kujikinga, lipe sasisho kubwa wiki mbili tatu, soma wenye simu kama yako wanasema nini, kisha ulipakue. Yale madogo ya usalama usiyacheleweshe. Na ukilipakua kubwa, fahamu kwamba kulirudisha nyuma ni vigumu. Simu nyingi hazikubali, na njia za mkato hufuta kila kitu.

---

MtuWaTudor

Hiyo ya Italia sikuwa naijua. Nimekuelewa fundi. Nitapima, simu yangu ina miaka minne.

---

FundiMtwapa

Kazi nzuri ndugu yangu. Naongezea mawili ninayoyaona huku kwetu karibu na bahari.

La kwanza, kuna mtu anasema simu inamaliza chaji kumbe haijai. Tundu la chaji limeshika kutu ya chumvi na vumbi la mfukoni, kebo inakaa legelege, asubuhi anaamka na asilimia 70 akidhani ilijaa ikashuka. Mulika tundu kwa tochi. Kama kuna uchafu, zima simu, safisha taratibu kwa kijiti cha mbao kikavu au mswaki laini mkavu. Pini ya chuma usitie. Ikilowa, usiizike kwenye mchele. Apple nao wameshakataza, chembe zinaweza kuingia na kuharibu zaidi. Iache tundu likitazama chini, mahali penye hewa.

La pili, kwa wenye Samsung, kwenye baadhi ya modeli, kuna kufuta kashe ya mfumo, yaani mafaili ya muda ambayo simu hujiwekea, bila kupoteza kitu chochote chako. Simu ikiwa imezimwa na imeunganishwa kwa kebo na kompyuta, shikilia kitufe cha kuongeza sauti pamoja na cha kuwasha. Ikitokea menyu nyeusi, chagua kwa vitufe vya sauti mstari wa kufuta kashe, si ule wa kufuta data yote. Menyu hiyohiyo ina mstari wa kurekebisha programu, unaoziandaa upya. Nimeona ukituliza simu zilizokuwa zinahangaika baada ya sasisho. Msome kila mstari kabla ya kubonyeza.

---

MamaKisauni

Wanangu mimi simu yangu ni ya mkopo, nalipa kila siku kidogo kidogo. Imeanza kumaliza chaji toka ilipojibadilisha yenyewe usiku. Mwanangu anasema aifute yote irudi kama mpya. Nimwache?

---

FundiMwembeTayari

Mama, shikamoo. Mwambie asubiri kwanza.

Kufuta yote ni hatua ya mwisho, na kwa simu ya mkopo ina mambo mawili. Simu hizo zina programu ya mkopeshaji iliyowekwa ndani ya mfumo, ya kufunga simu malipo yakichelewa. Kuifuta simu hakuiondoi, na katikati ya kuifuta simu inaweza kujifunga hadi uwapigie. La pili, betri inayojirekebisha itaanza kujifunza tabia zako upya, kwa hivyo siku za mwanzo chaji itaonekana mbaya vilevile, nanyi mtasema haikusaidia.

Mwanao afanye yale ya juu: chaja ya usiku kucha, kusasisha programu, kisha kipimo. Kama muda wa dhamana haujaisha, mrudie aliyekuuzia kabla ya fundi yeyote, hata mimi. Simu ikishafunguliwa na fundi wa nje, dhamana mara nyingi inapotea.

Ikifikia kufuta kweli, kwanza hifadhi picha na namba za watu kwenye akaunti yako, hifadhi mazungumzo ya WhatsApp, na hakikisha unaijua barua pepe na nywila ya akaunti iliyo kwenye simu. Usipoijua, baada ya kufuta simu itakuuliza na itakataa kufunguka. Hilo nimeona linawaliza watu kuliko betri. Pesa yako ya M-Pesa haipo ndani ya simu, hiyo usiihofie.

---

MamaKisauni

Marahaba mwanangu. Dhamana bado ipo. Nitaipeleka nilikoinunua, asante.

---

BintiMjiWaKale

Narudi na jibu. Niliweka 4G, nikazima laini ya pili usiku, nikarudia kipimo cha kawaida: 92 hadi 86. Chumba kilekile. Mume wangu naye amefanya kwenye yake, imeshuka kutoka kupoteza asilimia 19 hadi 7.

---

FundiMwembeTayari

Hongera dada. Mchana ukitoka nje 5G ikishika vizuri na unaitaka kasi, iwashe. Cha kuangalia ni mahali unapokaa saa nyingi.

---

MtuWaTudor

Fundi nimepima. Kawaida 80 hadi 52. Ndegeni 80 hadi 57. Hali salama 80 hadi 55. Pia jana ilikuwa 24 ikazima ghafla, nikaichomeka ikawaka na 19. Android, miaka minne.

---

FundiMwembeTayari

Bwana, yako sasa ni betri. Kushuka karibu sawa katika hali zote, na kuzima ghafla ikiwa na asilimia 24, ni dalili za betri iliyozeeka: volti zinaanguka mara tu simu inapotaka umeme mwingi, kipimo cha asilimia kinashindwa kufuatana na ukweli. Sasisho limeongeza mzigo, uzee ukaonekana. Kwa mwenye iPhone, dalili kama hii ataithibitisha kwenye ukurasa wa afya ya betri. Apple wanasema betri za iPhone 14 na za kabla yake zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500, na kuanzia iPhone 15 ni mizunguko 1000. Mwenye Samsung atumie programu ya Samsung Members, ina sehemu ya uchunguzi wa betri.

Kabla hujaenda kwa fundi, iweke simu juu ya meza bapa uitazame ubavuni. Kama kioo au mgongo umenyanyuka, betri imevimba: iache kuchaji, usiibonyeze irudi, usiitoboe, ipeleke leo.

Ukinunua betri, usifuate namba kubwa iliyochapishwa juu yake. Betri isiyo na asili huandikwa uwezo mkubwa kuliko ile ya kiwandani na ikiwa nyepesi kuliko hiyo. Omba kuziona zote mbili, ya zamani na mpya, uzishike mkononi. Linganisha namba ya modeli na kiwango cha volti, vifanane kabisa. Muulize fundi dhamana ya muda gani anakupa na akuandikie kwenye risiti. Kama simu yako ilikuwa ya kustahimili maji, ulizia gundi mpya ya kuziba, na hata akiitia usiingie nayo baharini tena.

Ya zamani usiitupe kwenye taka za nyumbani, ikibanwa au kutobolewa inaweza kuwaka. Muachie fundi aitenge na zile nyingine mbovu.

Baada ya kuwekewa, kama simu yako ina sehemu ya kuzuia chaji isipite asilimia 80, iwashe, hasa kama simu inakaa kwenye chaja usiku kucha na chumba chako ni cha joto. Betri ikae muda mrefu ikiwa imejaa kabisa na moto, huchakaa mapema. Kisha fanya kipimo cha usiku wa kwanza ukiandike mahali. Sasisho lijalo likija, utakuwa na namba ya kulinganisha.